Masika Alijibu Présent

Rafiki yangu, wewe mwenye najua utanisikiliza, leo asubuhi harufu ya majani ya mikaratusi yenye kulowa na mvula ilinirudisha Musienene, ku shule yetu kadogo ya secondaire. Madarasa ya udongo, juu ya kilima ya viazi. Batoto ba mujini balikuwaka banatuchekelea: "Nyinyi ba shule ya viazi!" Dada yangu Masika, ye, Papa alimupeleka Butembo, ku shule kubwa ya matofali na étage, gorofa kabisa. Tulijivuna naye sana.

Njo ikakuja rébellion, vita ya waasi. Siku moja masasi ikalia mujini Butembo. Kesho yake Papa akaenda na mguu mpaka ku ile shule. Préfet, mukubwa wa shule, mutu wa kutoka provinsi ingine, akamuambia: "Papa, tuliza roho. Tuliita majina leo asubuhi, Masika alijibu présent." Papa akarudi na rozari mukononi, anaimba. Mais kwetu Banande kila binti wa kwanza anaitwa Masika, na ile darasa ilijaa ba Masika tu. Papa, Munande kabisa, furaha ilimusahaulisha kuuliza: Masika gani?

Masika wetu alikuwa amelala na homa mu kachumba yenye alikuwa anapanga, peke yake. Majirani balishakimbia.

Wiki ileile homa ikanishika na mimi. Mwalimu wetu aliona nafasi yangu ku banc ya darasa iko wazi. Mbele ya midi, saa sita ya muchana, alikuwa ku mulango yetu, matope mpaka magotini.

"Mama, muchokozi wangu iko wapi? Darasa imenyamaza sana!"

Mama akacheka. Akageukia Papa: "Na ule wa Butembo, nani alimuona na macho?"

Papa hakumaliza chakula, akarudi Butembo mpaka ku kachumba ya Masika. Alimukuta angali anapumua, Mungu asifiwe, mais masikio ilishaenda na ile homa. Akamurudisha akilala juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo.

Kashule yetu ikamupokea. Mwalimu akamukalisha mbele, akawa anafundisha akimuangalia, ili asome midomo. Batu bakasema Masika ameshuka. Na mi nilisikia aibu. Nililia zaidi juu ya ile étage kuliko juu ya masikio yake.

Nilikuwa mutoto. Mi mwenyewe sikumaliza wakati ule, vita ilikatala. Nyuma yake nilimalizia ku masomo ya mangaribi, mutoto ku mugongo. Leo batoto bangu banataka shule kubwa, na nimechoka kubishana. Nauliza tu: siku utakosa darasani, nani atakutafuta? Mungu anahesabu nywele zetu, mais hapa duniani anatumaka batu.

Hii habari usibaki nayo. Kuko mama fulani anatafutia mutoto wake shule, umupelekee.