Sufuria ya Bi Mwanamkuu

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Severa alikuwa ameshaipaka sufuria siagi ndipo akagundua hana mayai. Akakimbilia sokoni Kariakoo. Aliporudi na trei yake akafungua mlango, akaganda palepale. Tomi alikuwa ametumbukiza kichwa chote ndani ya sufuria, analamba!

Mbwa mwenyewe si wake. Mwanawe Ansbert ndiye aliyemwachia, yeye na familia wamekwenda kula sikukuu Rombo. Wala sufuria si yake. Ni ya jirani wa mlango wa pili, Bi Mwanamkuu, aliyeachiwa na marehemu mama yake. Nzito, na haiunguzi keki hata ukiijaza makaa chini na juu ya mfuniko. Kila Krismasi Severa huiazima, na keki wanakula wote. Sasa Bi Mwanamkuu ni mtu wa swala tano. Mate ya mbwa kwake ni najisi.

"Toka, shetani wewe!"

Hakuna aliyeona. Sabuni ipo, maji yapo. Angeisugua ikang'aa, akanyamaza. Halafu amkatie jirani yake keki humo, amwangalie akitafuna? Tangu wanalea watoto katika nyumba hii hawajalishana kitu cha kuficha. Severa akaibeba sufuria, akaenda kupiga hodi.

"Karibu, Mama Ansbert. Mbona uso huo, umefiwa?"

"Afadhali ningefiwa na mbwa. Ameilamba sufuria ya marehemu mama yako."

Bi Mwanamkuu akaitazama sufuria, akamtazama Severa. Severa akajua urafiki umekwisha.

"Ilikuwa na nini?"

"Siagi tu."

"Basi ana adabu kuliko Ansbert. Yule alikuwa akiilamba na keki haijaiva!" Akajifunga kanga kiunoni. "Inaoshwa mara saba, shoga, na mara moja ni kwa udongo. Haya, udongo tutautoa wapi?"

Wakatoka kutafuta. Uani saruji, barabarani lami, na mtaroni hakutazamiki.

"Tuagize Jangwani?" akauliza Severa.

"Ule wa mafuriko? Hata huyo mbwa wako ataukataa."

Mwisho Bi Mwanamkuu akaingia ndani, akatoka na kopo lake la mrehani, ambalo hata wajukuu hawaruhusiwi kuligusa. Akachota udongo wake, gao zima la mkono. "Ukinyauka huu, nakuja kulia kwako."

Wakakaa bombani, mmoja anamimina, mmoja anasugua, wanahesabu kwa sauti. Wakabishana kama ni ya tano au ya sita, wakaanza upya.

"Na keki utakula?" Severa akauliza, hathubutu kuinua macho.

"Kwani nakatika mgongo hapa kwa ajili ya nani? Kawashe makaa."

Severa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoanza kupiga mayai, Bi Mwanamkuu alikuwa ameshavuta kigoda karibu, analalamika kwamba sukari haitoshi.