Tuyo Iliyong'aa

Jambo lote lilitugharimu friji moja, dirisha la jirani na vidole vitatu vya mkono wa kuume. Nimehesabu mara mbili, haipungui. Friji ilikuwa ya mke wangu, vidole vilikuwa vya mdogo wangu. Mke wangu angali anasema hasara kubwa ni friji, maana vidole vilikuwa kumi na friji ilikuwa moja.

Ulikuwa mwaka ambao mji ulikuwa unavunjika. Kiwanda alichofanyia kazi mdogo wangu kilifungwa asubuhi, na jioni watu walikuwa wanabeba milango yake. Askari walipita mtaani kwetu Katuba kwa miguu, wengine wakienda vitani, wengine wakitoroka, na hatukujua wepi ni wepi. Mdogo wangu, mwenye mke na watoto, alibakiwa na tundu moja la kutokea. Mwenye karakana mmoja upande wa Zambia alikuwa anaandaa mapigano ya roboti ndogo, na mshindi angepewa kazi pamoja na nyumba.

Basi akajenga roboti. Uzito wake kuku wawili wanono, bapa kama sinia, na mbele ina mkono wa chuma wa kumpindua adui. Alinichorea kwa chaki kwenye sakafu ya duka langu la vipuri vya malori: chupa ndogo ya gesi, kifaa cha kuipunguza nguvu, vali, kisha bomba lenye fimbo ndani. Ukifungua vali, gesi inaingia kwa kishindo, fimbo inaruka, adui yuko chali.

"Yaya, presha ikikuwa kidogo, mukono inapanda sawa vile padri anabariki," alisema; kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. "Ikipita, bomba inatuua siye."

"Basi weka katikati."

"Katikati njo kazi yote."

Vali tuliitoa kwenye breki za lori lililokufa mpakani Kasumbalesa, na friji ndiyo iliyolipa. Umeme haukuwepo, kwa hiyo ilikuwa kabati tu lenye mlango mzito. Nilimweleza hivyo mke wangu. Mpaka Jumapili nilijipikia mwenyewe.

Gesi tulitumia ile ya kusukuma bia kwenye baa. Mkono ulirusha tofali mpaka ukutani. Kisha malori ya bia yakaacha kuja, baa zikafungwa, chupa ikaisha. Tukajaribu hewa ya kompresa ya kujazia magurudumu. Padri akabariki.

Nikaenda kwa mchomelea vyuma, akanitolea chupa ya oksijeni.

"Hii ni oxygène," nikamwambia. "Siye tunatafuta gaz ya bière."

"Papa, mupepo ni mupepo. Inasukuma tu. Nakupunguzia bei."

Mtu akipunguza bei kabla sijaomba, mimi huondoka. Niliondoka, nikamsimulia mdogo wangu ili tucheke. Hakucheka. Kesho yake alikwenda mwenyewe, akarudi na chupa imejaa.

"Oxygène na mafuta haipatane, yaya. Ikikuta mafuta, inawaka. Minajua. Nitafungua kila kintu, nitasafisha na savon."

"Na kama inabakia kidogo?"

"Kidogo gani? Uko unaniona muchafu?"

Alisafisha kweli. Vali, bomba, fimbo, vyote alivisugua kwa sabuni na kuvianika juani. Kitu kimoja hakukigusa: tuyo, mrija wa mpira wa breki unaopeleka gesi kutoka chupani. Alikuwa ameununua sokoni na aliuona mpya, kwa sababu uling'aa. Lakini sisi wauza vipuri tunajua kung'aa kunatoka wapi. Mpira uliopauka tunauzamisha kwenye mafuta, tunaupangusa, unakuwa mweusi kama kiatu cha Jumapili. Mafuta yanaingia mpaka ndani. Mimi mpira hununua kwa kuunusa. Yeye alikuwa fundi, aliutazama.

Nilimkuta uani amekwisha kufunga kila kitu.

"Rudi nyuma, yaya," akasema, akafungua vali.

Mwanga ulitangulia, mlio ukafuata. Kioo cha dirisha la jirani kikamwagika. Niliita watu huku nikimfunga mkono kwa shati langu, na hakuja hata mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umelala kifudifudi ndani ya nyumba, ukingoja askari wapite. Kipande cha tuyo kilikuwa miguuni pangu. Nikakiokota, nikakinusa. Mawese.

Sasa mpaka wa Zambia, uliofungwa siku zile za askari, umefunguliwa. Mwenye karakana ameleta ujumbe kwamba mapigano ya roboti yatafanyika na nafasi ya mdogo wangu ipo. Gesi ya bia imerudi. Amechora upya kwa mkono wa kushoto, mistari inayumba lakini hesabu ni safi, na ameongeza vali ya kutoa gesi yote kabla mtu hajagusa chochote. Ila kuijaribu roboti kunataka mikono miwili ya kukaza nati.

"Yaya, mikono yako iko mizima," ameniambia.

Mikono hiyo ndiyo inayolisha nyumba mbili, yangu na yake. Mke wangu amekataa kabla sijamaliza kusema. Mke wake ameshaanza kufunga mizigo. Nikikataa, atakaza mwenyewe kwa vidole alivyobaki navyo, ninamjua. Wewe mwenye mdogo, nishauri: nimjibu nini?