Soli za Kinyozi Zilizokanyagwa na Mtu Mwingine

"Aliyezivaa hizi si mumeo, mama."

"Kama si yeye ni nani, mimi?" mke wa kinyozi akamrukia fundi wa soli. "Umezikodolea macho kama unatafuta chawa. Mume wangu anatoka nazo asubuhi, anarudi nazo jioni, mwezi wa pili huu. Kisigino bado kinauma, goti bado linauma. Soli zako ndizo hazifai, usimsingizie mtu."

Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa meza. Katikati yao, juu ya gazeti lenye madoa ya gundi, zililala soli mbili za kuweka ndani ya viatu, zile zinazotengenezwa kwa maagizo ya daktari na kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja tu. Mwenye mguu alikuwa amekaa pembeni kwenye stuli, peku, anatazama dari kama vile dari ndiyo mgonjwa.

"Haya, sibishani," fundi akasema, akavuta karatasi. "Daktari alisema zivaliwe miezi miwili. Zikishindwa, mzee aache kazi ya kusimama. Naandika zimeshindwa."

Hapo kinyozi akaiacha dari.

Kuacha kusimama ni kuacha kunyoa, na yeye hajui kazi nyingine. Amesimama nyuma ya kiti kimoja miaka ishirini na sita. Nywele alizozifagia hapo zingekusanywa, ukoo mzima ungelala juu ya magodoro, na wakwe wangebakishiwa mito. Ila kusimama huko kumemtoza ushuru. Asubuhi akikanyaga sakafu, kisigino kinamchoma hadi anarudi kitandani bila kugeuka. Siku moja aliinama kumchonga mteja ndevu, goti likaalika kwa kishindo, mteja akakimbilia barabarani na povu shavuni, akidhani paa linashuka.

Ndipo daktari akamwandikia soli, na fundi huyu akamkanyagisha kwenye sanduku la povu laini, mguu ukaacha alama kama kwenye tope. Zilipokuwa tayari, akaambiwa avae saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, hivyo hivyo hadi mguu uzoee, kisha azivae kutwa kazini.

Tatizo la soli zile lilikuwa uzuri wake. Za buluu, zimevikwa ngozi laini juu, zinanukia upya. Kinyozi akazitazama, akatazama sakafu ya kibanda chake iliyojaa vipande vya nywele vinavyopenya hata kwenye soksi, akaona ni dhambi. Kwa hiyo kila asubuhi alitoka nyumbani na viatu vyake vyeusi, soli ndani, mkewe akimsindikiza kwa macho. Akifika kazini anavivua, anavifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya beseni, anavaa kandambili zake zilizolika hivi kwamba akikanyaga punje ya mchele anajua kama imepikwa. Jioni anavivaa tena, anarudi kwa madaha.

Siku tatu kabla ya miadi akakumbuka maneno ya fundi: nitazisoma soli, nione unavyokanyaga. Akazitoa. Safi kama ufizi wa mtoto mchanga. Akatoka mbio, kadiri goti lilivyoruhusu, akaenda kwa mtu mmoja mnene akamwomba amvalie siku tatu, na mtu yule hakuuliza kitu.

"Kabla sijatia sahihi, mama, sogea uone," fundi akasema. Akaliteremsha lile sanduku la povu kutoka kwenye rafu. "Huu ni mguu wa mumeo. Katikati umejikunja juu, haugusi chini. Sasa tazama soli. Aliyezivaa ana mguu bapa, amezilaza kama karatasi. Mzito. Kulia ameegemea nje, kama mtu anayebeba mizigo begani kila siku. Na hili doa..." Akanusa. "Mafuta ya ng'ombe."

Mke akanusa naye. Akamgeukia mumewe polepole. "Baba watoto, tangu lini unanyoa ng'ombe?"

Kinyozi akaitazama kalamu. Ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Weka kalamu chini, fundi," akasema. "Hazijashindwa. Sijazivaa kazini hata siku moja, naogopa kuzichafua kwa nywele. Ila kile kipande cha nyumbani hadi kibandani, nikiwa nazo, kisigino kinanyamaza kabisa. Kinaanza kelele nikivaa kandambili."

"Ulikuwa unaniaga na viatu," mkewe akasema, "kumbe unavitembeza tu kama mbwa wa tajiri."

Fundi akacheka hadi akakaa. Akaikunja ile karatasi, akaitupa kwenye kapu. "Mzee, nywele zinafutwa kwa kitambaa kibichi. Soli imeumbwa ikanyagwe. Hizi zimeshakufa, nitakuchongea nyingine kwa alama hii hii, na uanze upya, saa moja siku ya kwanza. Kiti chako hakiendi popote kabla hatujajaribu."

Kinyozi akashusha pumzi iliyokaa kifuani siku tatu. Akainama kuchukua soksi zake, akidhani mambo yamekwisha.

"Na mimi niliyesimama hapa nikamtukana fundi wa watu," mkewe akasema. "Nani alizivaa?"

"Mtu tu."

"Mtu tu gani?"

"Humjui sana."

"Mwenye mafuta ya ng'ombe, mnene, anayebeba mizigo begani, na mimi simjui sana?"

Kinyozi akafungua kinywa, na mlango nao ukafunguka. Akaingia muuza nyama, kaka mkubwa wa mke wa kinyozi, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine umebeba gambuti.

"Hodi humu. Nimeelekezwa kwa fundi wa soli," akasema, akichechemea. "Kuna mtu kanivalisha zake siku tatu, sasa nyonga haini... Ah. Dada."