Alipima Kiti, Hakunipima Mimi

Watu wa kwetu wana huruma nyingi mikononi na haba kichwani. Wakiniona na kiti mwendo changu kando ya gari, hawaulizi kitu. Wanakunja mikono ya mashati, mmoja anashika kwapani, mwingine magotini, "Pole mama, pole mama," na kabla sijafungua mdomo nimeshawekwa kwenye siti, gauni liko mapajani, na kiti changu kimefungwa juu ya keria pamoja na kuku. Kisha wanangoja niwashukuru.

Siku ya mazishi ya baba, kule kijijini kwetu Didia, walinibeba wanaume wanne kutoka kwenye gari hadi kaburini. Njia ilipita katikati ya matuta ya viazi, na mmoja akateleza. Nilianguka mbele ya ukoo mzima. Shemeji yangu akanifunika kwa koti lake huku akipaza sauti kwamba watu wasitazame, na kwa hiyo wakatazama wote, hata waliokuwa wakilia. Siku ile niliapa kwamba nyumbani kwetu sitafika tena mikononi mwa mtu. Mama akawa ananipigia kila Jumapili: "Utakuja lini?" Nami namjibu: "Nikipata gari langu." Tuliulizana na kujibizana hivyo kwa miaka mitatu.

Ninauza mchele Geita mjini, na mchele ndio ulioninunulia Noah kuukuu, otomatiki. Nilijua ninachotaka. Niingie kwa mlango wa nyuma nikiwa kwenye kiti changu, nisogee hadi kwenye usukani, kiti kifungwe sakafuni, mafuta na breki nivishike kwa mkono. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa fundi mmoja wa kuchomelea, maarufu kwa winchi za kwenye maduara, yale mashimo ambamo wachimbaji hupandisha mawe kwa viroba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa na mji mzima.

Alimsalimia kwanza dereva niliyemkodi. "Bosi, mgonjwa anataka tumfanyieje?"

"Mgonjwa hana homa," nikamwambia. "Ana maelezo. Sikiliza."

Akacheka, akaniomba nihamie kwenye benchi ili apime kiti. Akakipima kitupu, kutoka ardhini hadi kwenye vishikio vya nyuma, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Nikamwambia anipime nikiwa nimekaa. "Mama," akasema, "mimi nimepima maduara ya futi mia." Sikujua uhusiano wa kichwa changu na duara, lakini yeye aliuona.

Niliporudi nilikuta amenifungia winchi. Winchi kabisa, yenye mnyororo na ndoano, na kisahani cha chuma cha kupandia. Sakafuni ametandika mbao nene kama wanavyofanya shimoni, eti gari lisitetemeke. Watu walishajaa, maana Geita hakuna anayekosa muda wa kutazama. Nikapandishwa kwa mishtuko, nikining'inia, na mmoja akapiga kelele, "Shika vizuri, hiyo ndiyo dhahabu yenyewe!" Wakacheka. Kisha paji la uso wangu likagonga fremu ya mlango.

"Inamisha kichwa kidogo, mama," fundi akasema.

Niiname kutoka Geita hadi Didia! Nilishushwa nikahamia kwenye benchi, nikamwambia akae yeye. Alikataa, lakini umati ule ule ulionicheka ulimkalisha, na dereva wangu akazungusha winchi kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Fundi alikuwa mrefu kuliko mimi. Alipogonga, mlio ulisikika hadi barabarani.

"Inamisha kichwa kidogo, baba," nikamwambia. Nilifurahi, wala sitaficha.

Baada ya hapo alikuja na tepu, akachuchumaa mbele yangu, akanipima kutoka chini ya gurudumu hadi juu ya kilemba, na kilemba akakiongezea vidole viwili. Mbao zikatoka. Winchi ikarudi kwenye mawe yake. Badala yake akatengeneza rampu ya chuma, njia ndefu yenye mwinuko mdogo inayokunjwa mara mbili na kushushwa kwa kamba, nikaipanda kwa mikono yangu mwenyewe. Akaunga mtaimbo mwembamba kando ya usukani: kusukuma ni breki, kuvuta ni mafuta. Kazi ilikuwa nzuri, nasema hivyo kwa shingo upande. Mwishoni nikamwagiza ang'oe siti zote zilizobaki, hata ile ya mbele ya abiria, ili nipate pa kugeukia.

"Na mtu akipanda na wewe?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza alikuwa ameniuliza mimi kitu, nami nikamwambia afanye alichoagizwa.

Nilijifunza kuendesha, nikalipeleka gari kukaguliwa. Mkaguzi alilizunguka gari mara mbili akimtafuta mwanamume. "Dereva yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Basi nikaenda Didia. Sikumwambia mtu. Nilipoingia uani, kaka zangu wawili walikuja mbio wakikunja mikono ya mashati, kama nilivyojua watafanya. "Kaeni hapo hapo!" nikawapigia kelele, wakasimama na mikono yao hewani. Nikavuta kamba, rampu ikashuka, nami nikashuka juu yake taratibu hadi vumbini. Hakuna aliyenigusa. Nilijisikia mrefu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikaanza kumweleza. Nikamsimulia fundi na kichwa chake, mkaguzi na macho yake, nikawasema kaka zangu mbele yao. Aliniacha nimalize. Kisha akavuta kitenge juu kidogo, nikaiona miguu yake. Ilikuwa imevimba hadi magotini.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Hawa ndio wanaonibeba hadi barabarani nikienda kliniki. Mmoja kwapani, mwingine magotini. Kwenye simu ulikuwa unanisimulia gari tu."

Kila Jumapili nilikuwa nimejibu lini nitakuja, na sikuwa nimeuliza anatembeaje.

Kaka mkubwa akaniambia kliniki ni kesho. Akakunja tena mikono ya shati ili amsogeze mama akalione gari. Nikamwambia angoje. Nikamgeukia mama: "Unataka kuingiaje?"

Alifikiri. "Kwa miguu yangu," akasema. "Hiyo njia yako haina ngazi."

Ilimchukua muda mrefu. Alikanyaga ukingo wa rampu, akavuta mguu mmoja, akapumua, akavuta wa pili, na kaka zangu wakamfuata nyuma bila kumgusa, wakiwa wameiweka mikono mgongoni kwa kuniogopa. Akafika juu. Akainama akaingia, nikamwona anatabasamu, kisha nikamwona anatazama huku na huku kwenye ile sakafu tupu, ameshikilia ukuta wa gari, miguu ikitetemeka.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikae wapi?"