Nyama Niliyoikataa Bujora

Mama mkwe alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yangu, nami nilikaa mbele ya sinia nikiwaza nitaikwepaje nyama ile bila yeye kuona.

Tulikuwa kijijini Bujora, nyumbani kwao mume wangu. Mwaka uliotangulia niliona damu chooni. Daktari wa hospitali moja ya mjini akanipima utumbo mpana kwa kamera, akakuta vinyama viwili vimeota ndani, akavitoa. Havikuwa saratani. "Lakini vina tabia ya kurudi," alisema, "na vingine vikiachwa hugeuka." Akanieleza kwamba nyama nyekundu kila siku, soseji, vya kukaanga na soda huweza kuchochea mwili ukawaka kwa ndani, kama kidonda kisichopoa. Nile maharage, mboga za majani, matunda, dona, samaki wa kuchemsha. Kisha nirudi kupimwa.

Kurudi kwenyewe kulikuwa kumebakiza wiki tatu, na aliyejua ni mume wangu peke yake. Mimi ni mwalimu, binti wa Kihaya. Nililelewa kwamba mambo ya chooni hayasemwi mbele ya watu, na kwa wakwe hayasemwi kabisa.

"Mkwe wangu, mbona unachezea chakula?" mama mkwe aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba matembele? Au ni kwa kuwa hakuna ndizi? Ninyi Wahaya bila ndizi mnasema hamjala."

Mawifi zangu wakacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Alichagua ubavu mnono akaniwekea mbele yangu. Nikamtazama mume wangu anisaidie; alikuwa anaukodolea macho ugali wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Nikausogeza ule ubavu pembeni. Mama mkwe akanawa mikono, akainuka, akaondoka.

Asubuhi nilimfuata jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho kwenye choroko alizokuwa akichagua. "Miaka yote hii unakula kwangu. Leo mkono wangu umekuwa na nini?"

"Mama, mimi naumwa."

Nikamweleza yote, kuanzia ile damu mpaka kamera. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Alipokuwa anasikiliza, vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Damu imechanganyika na choo?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini. Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa. Niliambiwa tu kwamba alisumbuliwa na tumbo. "Baba yenu alitokwa na damu hiyo mwaka mzima," alisema. "Alinikataza nisimwambie mtu. Nikamtii." Kisha akamwita mwanawe kwa sauti iliyonishtua. "Na wewe? Umepimwa?"

"Mimi sina tatizo, mama," mume wangu alisema. Alijibu upesi mno.

Tulipokuwa tunarudi mjini nilimwambia asimamishe gari. Akasimama kando ya barabara, injini ikiunguruma.

"Umewahi kuona damu?"

"Mara mbili tatu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Nilikasirika. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda changu hospitalini, amenichagulia mboga sokoni, amenikemea kwa kipande kimoja cha soseji, huku mwenyewe akitokwa na damu na kula mishkaki mtaani Mirongo kila jioni. "Niliogopa," alisema. "Nilimfikiria baba." Nikamwambia aendeshe.

Tulipimwa sote siku moja. Jana yake tulishinda tunakunywa dawa ya kusafisha tumbo, tukipishana mlangoni pa choo. Mimi niliingia kwanza. Kilikutwa kinyama kimoja kipya, kidogo, kikatolewa.

"Ni zile chipsi?" nilimuuliza daktari. Wakati wa kusahihisha mitihani nilikuwa nimelegea, nikala chipsi na soda karibu kila siku.

"Siwezi kukwambia hivyo," alisema. "Chakula kinaweza kuongeza hatari au kuipunguza. Wapo wanaokula vizuri na bado vinarudi. Ndiyo maana tunapima."

Kwa mume wangu alikuta vitatu, kimoja kikubwa kuliko harage. Vikapelekwa maabara. Siku za kusubiri majibu alikonda usoni. Simu ikilia, sote wawili tuliitazama, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuishika.

Siku ya majibu alinishika kiganja mpaka kikauma. Kile kikubwa kilikuwa kimeanza kubadilika, daktari alisema, lakini kilitolewa chote kabla ya kuwa saratani. Angerudi kupimwa mapema kuliko mimi, na ndugu zake wote nao wapimwe.

Mume wangu aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti. Tulipotoka, hakungoja tufike kwenye gari. Alisimama uani pa hospitali, watu wakipita, akawapigia ndugu zake mmoja baada ya mwingine. Alizungumza nao Kisukuma, lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, akitaja damu na choo bila kumficha yeyote. Mdogo wao wa mwisho alikata simu. Akampigia tena.