Shafti Iliyonikosesha Jina la Mtoto

Niseme mwenyewe kabla watu wa kijiji chetu cha Tumati hawajawasimulia kwa chumvi zao: mimi ndiye yule mama ambaye mtoto wake wa kwanza alibatizwa yeye akiwa amelala chali chini ya gari, gauni jeupe, miguu nje, viatu vya kisigino vikitazama mbinguni. Ni kweli yote. Hasira ninayo mpaka leo, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Ugomvi ulikuwa jina. Mimi nilitaka mtoto aitwe Jeiden (nililipenda jina hilo tangu nikiwa kidato cha tatu, msinicheke), mama mkwe akataka Pankrasi, jina la marehemu baba mkwe wangu. Miezi yote kabla ya ubatizo mimi nilimwita mume wangu Baba Jeiden, mama yake akamwita Baba Pankrasi, jiko hilohilo, chai hiyohiyo, na yeye, mwoga mkubwa, akaitika yote mawili. Adabu sikupunguza, shikamoo ya mama mkwe ilikuwa mapema kila asubuhi, lakini moyoni nilijua nimeshashinda, kwa sababu padri kabla ya kumwaga maji huuliza mbele za watu, "Mmempa mtoto huyu jina gani?", na anayejibu ni mzazi. Basi kazi yangu ilikuwa kuwepo tu. Nisimame, nifungue mdomo, niseme Jeiden. Maji yakishamwagwa, nani atalirudisha?

Sasa kutoka kwetu mpaka kigangoni, kwenye kanisa letu, ni kupanda kilima, na watu wote hupanda kwa miguu, hata wajawazito, hata vikongwe na fimbo zao. Lakini sisi tuna gari, lile la kizamani la kupitia porini, mume wangu alilinunua kule Basotu kwenye mashamba ya ngano, lilishavuta matrela ya ngano kabla mimi sijaanza darasa la kwanza, na mlango mmoja tunaufunga kwa kamba ya katani. Ila ni gari, na ninaliendesha mimi, na kwetu wanawake wanaoshika usukani si wengi, kwa hiyo nikatangaza kwamba siendi kumbatiza mwanangu nikiwa na vumbi miguuni. Mume wangu alikuwa ametangulia kupanga viti. Nikampakia mama mkwe mbele na mtoto, nyuma mama wa ubatizo na shangazi wawili wa mume wangu (wote wenye miili ya afya), masufuria ya pilau na makreti ya soda, tukaondoka.

Kila nikiachia klachi, huko chini nyuma kunagonga, ko. Nikibadilisha gia, ko. Mlio wenyewe haukuwa mgeni, tulikuwa nao tangu mavuno, tumeuzoea kama unavyozoea kikohozi cha babu.

"Kuna kitu kinagonga," mama mkwe akasema.

"Ni masufuria, Mama."

"Masufuria yako juu. Hiki kiko chini."

Nikanyoosha kidole kimoja, nikaongeza sauti ya redio. Kwaya ikaimba, mlio ukapotea, na mimi nikajiona dereva.

Kilima cha mwisho kinaishia kwenye uwanja wa kanisa, na watu walikuwa wamejaa nje wanamsubiri padri. Nikaona hapa ndipo pa kuonekana. Nikaweka gia namba moja, nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi kwa mbwembwe. Ikalia kaa, kama mtu kavunja ukuni kwa goti. Injini ikanguruma lakini gari likasimama. Nikakanyaga zaidi, ikanguruma zaidi, halafu taratibu tukaanza kurudi kinyumenyume, moshi mbele yetu, kwaya ya redioni inaimba, shangazi nyuma wanamwita Mama Maria. Nikashika breki, vijana wakaleta mawe wakazuia tairi.

Mzee Tluway, ambaye zamani aliendesha trekta na hajaacha kutukumbusha, akaja mpaka dirishani.

"Mama, umesahau kuweka gia."

"Gia nimeweka. Shikamoo."

"Marahaba. Basi weka nyingine."

Uwanja mzima ukacheka. Hapo damu ikanipanda. Nikashuka, nikasema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa chooni kwamba hili gari ni foo-wili, nyuma ikikataa mbele inavuta, tazameni. Nikarudi ndani, nikavuta ile fimbo ya foo-wili kwa mikono miwili. Gari halisogei. Nikavuta tena, halisogei. Mume wangu akaja mbio.

"Ya mbele haitavuta," akaninong'oneza. "Propela yake niliitoa, tupunguze kula mafuta."

"Ukaiweka wapi?"

Akatazama chini. "Inafunga zizi."

Ndugu zangu, kile chuma kirefu ninachokinyanyua mimi mwenyewe kila alfajiri kuwafungulia ng'ombe, ninakilaani kwa uzito wake, kumbe ndicho kinachozungusha tairi za mbele, ndiyo miguu ya mbele ya gari langu. Kwa hiyo shangazi, soda, pilau na kilima chote kilikuwa juu ya shafti za nyuma tu, zile zinazotoka katikati kwenye difu, lile bonge la gia chini ya gari, kwenda kwenye tairi, nazo ni za enzi za ngano.

"Padri ameingia," mama mkwe akasema, mtoto begani.

"Nakuja, Mama, dakika moja."

Mtu mwenye akili angebeba mwanawe apande zile hatua chache. Mimi nilitaka watu wakiri kwamba gia niliweka. Nikamwambia Mzee Tluway aingie aweke yeye, aachie klachi, na mimi na mume wangu tukalala chini tuone nini kinazunguka. Kweli, propela ya nyuma inazunguka kama feni, tairi zimetulia. "Imekatika shafti," nikapiga kelele, "njooni muone." Hakuja mtu. Nikadhani wameona aibu.

Spika ya kanisa imefungwa nje, juu ya mlango. Ikasema, kwa sauti ya padri, "Wazazi wa mtoto huyu wako wapi?"

Na sauti ya mama mkwe wangu, haina haraka, haina hasira: "Wako chini ya gari, Padri."

Kicheko kikatoka kwenye spika mpaka ikakwaruza. Nikainuka kwa nguvu, nikagonga paji la uso kwenye difu, nikaona nyota.

"Mmempa mtoto huyu jina gani?"

"Pankrasi."

Kisha maji, nikayasikia, na kilio cha mwanangu.

Niliingia kanisani na oili mgongoni na nundu usoni, nikamfuta mtoto machozi, na kitambaa chake cheupe nikakichafua kwa alama za vidole vyangu vitano. Mama mkwe akasogea anipishe nafasi. "Pole, Mama Pankrasi," akasema, na alimaanisha pole kweli, ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ile shafti tuliivuta baadaye. Pale ilipokatika, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, ina kutu, na kipande kidogo tu kinang'aa. Yaani ilikuwa imeshakatika siku nyingi, hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinatubeba huku kikituambia kwa kugonga, na mimi nikaongeza redio. Mume wangu amerudisha propela, zizi tunafunga kwa mti, na kwa siku kadhaa nilimwita kwa jina lake tu, Bura, hakuna cha baba nani.

Mungu akinipa wa pili, siku ya ubatizo nitapanda kilima kwa miguu, mtoto nimemfunga mgongoni mwangu mwenyewe, nitakaa benchi la mbele kabisa, na hata kanisa likishika moto huko nyuma sitageuka mpaka nijibu lile swali.