Mlio wa Saa Nne

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Ukinikaribisha chakula nitajiuliza unataka nini kwangu. Kwa hiyo yule mtaalamu kutoka Dar alipoingia chumbani kwetu, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamooni akina mama," machale yalinicheza hapo hapo. Mwenzangu aliitikia marahaba kwa raha zake zote. Mimi niliitikia nusu. Sote tulijua kilichomleta: kampuni yetu ya pamba ilikuwa inauzwa, na yeye alikuwa ametumwa kuangalia nani abaki na nani apunguzwe. Sasa mtu anakuja kukunyang'anya kazi, halafu anakuamkia shikamoo? Mh!

Tulikuwa wapiga taipu wawili katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya kwanza, dirisha likiangalia mapaa ya maghala na kipande cha ziwa. Mwenzangu alikuwa Mhaya, mkubwa kwangu kwa miaka kama minane. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Alikuwa akinitania kwamba sisi Wasukuma tunapiga taipu kama tunaswaga ng'ombe. Mimi nilimjibu kwamba Wahaya wanaongea Kiingereza hata na kuku. Tulikuwa tumekaa hivyo miaka tisa.

Na niseme ukweli wa kazi yangu mapema. Mwendo nilikuwa nao, lakini makosa yalikuwa mengi. Siku zile tulipiga taipu kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayowekwa kwenye mashine ya kudurufu, na kosa likipita pale linatoka kwenye nakala zote. Kila stensili yangu, kabla ya kwenda kwa meneja, ilipita mezani kwa dada. Alivaa miwani, akafungua kichupa cha rangi ya kufutia chenye harufu kama rangi ya kucha, akapaka penye kosa, akapuliza, kisha akagonga herufi inayotakiwa. Hakuwahi kumwambia mtu. Meneja aliamini kwamba sisi wawili tuko sawa.

Basi ikasemwa kwenye korido kwamba mpiga taipu atakayebaki ni mmoja. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kiwandani mwaka uliotangulia, anashinda nyumbani Nyegezi akitengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Watoto wanne walikuwa wananiangalia mimi. Niliposikia hilo neno "mmoja" nilijua maji yamenifika shingoni.

Mtaalamu alikuja na kompyuta ya kukunja, hizi ambazo leo kila mtu anaita laptopu. Pale kazini hakuna aliyekuwa ameona nyingine, tukaibatiza jina Kibegi. Alikiweka kwenye kimeza katikati ya meza zetu mbili kwa sababu chumba chetu ndicho kilichokuwa na soketi isiyocheza, nayo ilikuwa chini ya meza ya dada, nyuma ya kabati la mafaili. Kila asubuhi aligongagonga kidogo, akakifunika bila kukizima, akachukua karatasi zake na kwenda maghalani kuhoji watu. "Naomba msikiguse, mama zangu," alisema siku ya kwanza. Mimi nikatoka kupeleka faili. Niliporudi nikamkuta yeye na dada wanacheka mlangoni. Nilipofika wakanyamaza. Nikajiuliza wanacheka nini, lakini sikuuliza. Mimi siulizi, mimi huangalia.

Saa nne ilikuwa saa ya chai, na chai ya korido nzima ilitoka kwa dada. Birika la umeme lilikuwa lake mwenyewe, kubwa, la zamani, linachemka kwa kujivuta. Aliinama chini ya meza, akalichomeka, akajaza kwanza chupa za vyumba vingine, mwisho ndiyo zamu yetu. Wakati huo wote sisi tulivuta viti, tukamenya karanga, tukasema watu.

Siku hiyo ya kwanza tulikuwa katikati ya kumsema mhasibu, mara nikasikia: pii.

Nikaacha kutafuna. Dada hakuinua hata uso. Tukaendelea, na baada ya kitambo kidogo tena: pii. Halafu pii nyingine. Kililia hivyo mpaka chai ikaisha, kikanyamaza.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Asubuhi kimya, tunapiga taipu zetu, Kibegi kimelala. Ikifika saa nne, tukishavuta viti na midomo kufunguka, kinaanza. Mchana tukirudi kazini, kimya. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Kulikuwa na kitaa chekundu ubavuni ambacho asubuhi sikukiona, kinawaka na kuzimika kila kinapolia. Siku ya mgawo wa umeme ndiyo iliyonimaliza. Feni ilisimama, taa ya korido ikazimika, jengo zima likawa kimya, na baada ya muda Kibegi kikaanza kulia peke yake. Kitu hakina umeme, kinalia kwa nguvu za nani?

Jibu nililipata bila kumuuliza mtu. Kinanasa maneno. Kinangoja tuanze kuongea, kinaamka, kinameza yote, kisha jioni, tukishaondoka, yule bwana anabaki nacho na kusikiliza. Ndiyo maana hajatuhoji sisi wawili, anahoji wa maghalani tu. Ndiyo maana anatuamkia kwa adabu. Lo, niliona nimekuwa mjanja kuliko jengo zima!

Nilifungua mdomo nimwambie dada. Naapa nilifungua. Yeye ndiye aliyekuwa hatarini, maana hakujua kuchunga ulimi. Meneja kwake alikuwa mtu wa kuigiza: alijua kumwiga anavyoshika kalamu, anavyokohoa kabla ya kusaini barua asiyoielewa. Nikamtazama anavyocheka, karanga mkononi. Nikalikumbuka lile neno, mmoja. Nikafunga mdomo.

Kisha nikafanya vibaya zaidi. Nilianza kumchimba.

"Dada," nilisema siku moja saa nne, kwa sauti ya juu na ya taratibu, kama msomaji wa habari, "hivi wewe huyu meneja wetu unamwonaje?"

"Mimi? Huyu angejua kuandika barua mwenyewe, wewe na mimi tungekuwa Mkolani tunauza nyanya."

Pii.

"Na hao wanunuzi wapya?"

"Wanunuzi gani? Watu wanaona pamba wanadhani ni sufi ya mito!"

Pii. Nami nikacheka kidogo, kicheko cha kumtia moyo. Aliponiuliza mimi, niligeuza uso kwenye Kibegi nikajibu kwa ufasaha, "Mimi naona meneja anajitahidi sana. Na hao wageni tuwape nafasi." Dada akanikodolea macho. "Unaumwa malaria?" akauliza.

Halafu nikawa na wasiwasi kwamba hakimsikii vizuri, maana kilikuwa karibu zaidi na mimi. Dada alipotoka kugawa chupa za chai nilichukua rula, maana tulikatazwa kukigusa na niliogopa alama za vidole, nikakisukuma upande wake upana wa vidole viwili. Kesho yake tena vidole viwili. Jamani, mtu mzima, mama wa watoto wanne, nasukuma kompyuta kwa rula! Wiki ya pili ilipoisha kilikuwa ukingoni kabisa, kimegusana na meza yake. Dada alikitazama, akasogeza kikombe chake kukipisha, akaendelea na habari zake.

Zamu yetu ya kuhojiwa ilifika. Nilipoitwa kwenye chumba cha mikutano kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni Kibegi. Hakikuwepo. Mezani palikuwa na karatasi tupu na kalamu ya wino. Akanitaka radhi kwa kunikalisha kwa muda, akaniuliza nimefanya kazi miaka mingapi, napiga kurasa ngapi kwa siku. Mwisho akauliza, "Na mwenzako, mama? Unamwonaje kikazi?"

Nikatabasamu. "Habari zake si unazo zote?"

"Nizipate wapi?" akasema, na alinitazama kama mtu ambaye kweli hajui.

Ningeweza kuishia pale. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, hakuna aliyenishika koo. Lakini nilikuwa nimesubiri wiki mbili maneno yale yafike, na sasa naambiwa hayajafika. Nikayafikisha mwenyewe. Nilimwambia ya barua na nyanya, nilimwambia ya pamba na sufi, nikamwambia hata anavyomwiga meneja kukohoa. Nilisema yote kwa upole, kama anayesikitika. Yeye aliandika kwa kalamu yake, mstari baada ya mstari, bila kuinua uso.

Bahasha zilitoka siku ya Ijumaa. Yangu ilisema naendelea. Dada alisoma yake akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi, akakaa kumaliza ukurasa aliokuwa anaupiga.

Jumatatu alikuja kuchukua vitu vyake. Mtaalamu alikuwa maghalani, kama kawaida, na Kibegi kiko mezani. Sikuweza kumtazama. Ilipofika saa nne akasema, "Ngoja tunywe ya mwisho," akainama chini ya meza, akachomeka birika. Nilikuwa namenya karanga nisizozila.

Pii.

Niliruka nusu ya kiti.

"Bado kinakushtua?" akauliza.

Akainama tena, nikasikia anachomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine. Kitaa chekundu kikazimika. Tukangoja. Kibegi hakikulia tena.

"Njaa tu," alisema, akifuta mikono. "Betri yake imechoka, haifiki hata nusu saa. Nikikichomoa ili nichemshe chai kinaanza kulalamika. Umeme ukikatika, vile vile. Yule kijana aliniambia siku ile ya kwanza tulipokuwa mlangoni. Alisema, mama, usipokirudishia waya wake kitakulilia kama mtoto. Ndiyo tukacheka."

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Hukuniuliza. Nilidhani na wewe unajua." Alinyanyua birika, akamimina, kikombe changu kwanza. "Kisha siku moja nikarudi mapema na chupa, nikakuona na rula."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilisema, "Dada," nikasema tena, "Dada," neno la pili halikuja.

"Sikukuelewa mwanzoni. Nilipoelewa, niliona nikuache. Nilitaka kuona utakisogeza mpaka wapi."

Alikunywa chai yake. Mimi machozi yalikuwa yananidondoka kwenye maganda ya karanga na sikuwa na uso wa kuyafuta. Nje watu wa maghala walikuwa wanaitana. Alisuuza kikombe, akamwaga maji ya birika dirishani, akalipangusa kwa kanga mpaka likakauka kabisa.

"Yule kijana alikuuliza habari zangu?" akasema.

"Aliniuliza."

Akangoja kidogo. Nilijua ananipa nafasi, na niliiacha ipite. Hakunisukuma.

"Na mimi aliniuliza zako," akasema, akilifunga birika ndani ya kanga.

"Ukasemaje?"

"Nilimwambia huyu mdogo wangu, taipu yake haina makosa."

Akaniaga kwa mkono, kama mgeni. Juma lililofuata nilisikia kutoka kwa jirani yake wa Mkolani kwamba dada na jamaa zake wamepakia mizigo na kuvuka kwa kivuko cha Busisi, wanarudi kwao. Sikuwahi kumwandikia. Nilianza barua mara nyingi, na kila nikianza naona sina neno la kuweka baada ya "Dada."

Lakini hiyo ni baadaye. Kesho yake, Jumanne, nilikuwa peke yangu chumbani na Kibegi, nacho kipo pale pale nilipokisukuma. Saa nne ilifika. Hakuna aliyeinama chini ya meza, hakuna birika, na hakuna aliyekinyang'anya umeme wake. Watu wa vyumba vingine walichungulia na chupa zao tupu, wakaona meza ya dada, wakaondoka. Nilikaa nikikisikiliza, na safari hii nilitaka kilie. Hakikulia.

Saa nne na nusu tarishi akaingia na stensili niliyopeleka asubuhi. Makosa yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu kila mahali, toka juu mpaka chini. Alikuwa mzee wa makamo, mtu wa heri, akaiweka mezani taratibu.

"Meneja anauliza," alisema, "hii kapiga nani?"

Nikamwambia ni mimi.